Marehemu Anapanda Lifti

Juni 4

Daftari hili lilikuwa la kuandikia majina ya watoto wakorofi kwenye basi la shule. Nimestaafu, wakorofi wameisha, kurasa zimebaki. Leo naanza kuziandika kwa sababu nimegombana na mdogo wangu Linwood, na kila mtu ninayeweza kumwambia atampigia simu Linwood kabla sijamaliza.

Mkutano wa ukoo wetu wa Tarrant mwaka huu ni wa safari. Tunatoka hapa Memphis mwishoni mwa Julai, tutembee St. Louis, kisha Chicago, tumalizie Detroit kwa binamu zetu. Watu thelathini na mmoja, basi la kukodi, dereva mimi. Mwenyekiti ni Linwood, na leo kwenye kikao sebuleni kwake kasema Mama abaki nyumbani.

"Dada, Mama ana miaka themanini na nne. Juzi kaniita kwa jina la baba yake. Unataka ukampoteze Chicago?"

"Chicago anaijua kuliko wewe. Wewe ulizaliwa tu pale."

"Daktari kasema tusimpeleke mahali pageni."

"Huyo daktari ndiye anayeendesha basi?"

Mama alikuwa kwenye kochi anakula pichi, juisi inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akasema bila kutuangalia, "Mimi nakwenda. Nina kitu cha kutazama juu ya Halloran."

Halloran ni jengo la ghorofa arobaini na moja. Mama aliendesha lifti yake miaka sita, zamani za ujana wake. Ghorofa ya juu kabisa ni ya kutazamia mji, na yeye ndiye aliyewapandisha watalii na kuwashusha kutwa nzima. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukanyaga kule. Mhudumu mweusi mwisho wake ulikuwa mlangoni mwa lifti. Hadithi hiyo tumekua nayo wote. Anataka kutazama nini, hajawahi kusema.

Nikamwambia Linwood kwamba Mama atapanda, yeye atake asitake. Sikusema kwa mapenzi. Daftari ni langu, niandike ukweli: nilisema kwa sababu Linwood alisema hapana.

Juni 5

Mvua. Kanisani Linwood kanipa mkono kama mgeni.

Juni 14

Nimempeleka Mama kliniki. Kwenye lifti kaenda moja kwa moja kusimama kando ya vitufe, mgongo umenyooka, mkono mmoja nyuma. "Ghorofa, tafadhali." Mzee mmoja mwenye fimbo akasema ya tatu. Mama akabonyeza, akatangaza, "Ya tatu. Macho, mifupa na masikio. Tazama hatua yako." Watu wakacheka vizuri. Hakuna aliyekosea mlango.

Daktari kamwuliza leo ni siku gani, hajui. Kamwuliza rais ni nani, akamjibu, "Kwani wewe humjui?"

Juni 19

Linwood kapiga simu. Mama hawezi, joto la Julai litamwangusha. Nikamwambia anaweza.

Halafu katoa lile alilokuwa ameficha. Kamwandikisha kwenye nyumba ya wazee, nafasi itapatikana mwanzo wa Septemba. Pazuri, kasema, kuna bustani. Nikamwuliza kama Mama anajua. Kasema atamweleza wakati ukifika.

Kwa hiyo ni kiangazi hiki au basi tena. Tukirudi bila Mama kupanda, hatapanda.

Juni 27

Joto. Bamia zangu zimekauka zikiwa zimesimama.

Julai 3

Mama kashinda kwangu. Tumekaa kwenye baraza tukimenya maharage. Nikamwuliza jambo ambalo huwa namwuliza kila baada ya miaka kumi hivi: kwa nini alinipeleka kwa Bibi Mississippi nikiwa na miaka minne, akabaki yeye Chicago.

"Ulikuwa salama kule."

Jibu ni hilohilo tangu nikiwa msichana. Nilikaa kwa Bibi miaka tisa. Linwood alipozaliwa hakupelekwa popote. Yeye alilelewa na Mama, mimi nililelewa na barua. Nina picha yake ya wakati huo, kavaa sare yenye vifungo vya shaba, kofia kaipindisha, anacheka. Nikiwa mtoto niliitazama picha ile nikajiambia, huyu anakula raha ya mji, mimi nachota maji. Nina miaka sitini na minne na bado nikiiona damu inachemka.

Nikamenya maharage yangu. Yeye akamenya yake.

Julai 9

Linwood: Mama hawezi. Mimi: anaweza. Simu ya nne hiyo, nahesabu.

Julai 15

Wifi yangu Charlesetta, mke wa Linwood, ndiye mwenye kazi ya fulana za ukoo. Ameziweka ndani ya maboksi na hataki mtu achungulie. Rangi ni ya zambarau, hilo tunalijua kwa sababu kila mwaka ni zambarau.

Julai 18

Linwood kaja mwenyewe, maana simu hazikusaidia. Kakaa kwenye ngazi zangu, suruali yake imenyooshwa pasi. "Dada, akianguka huko, nani atabeba lawama?"

"Mimi. Niandikie karatasi nitie saini."

"Hukumpenda Mama miaka yote hii. Leo umemkumbuka?"

Nilimwambia aondoke kwenye ngazi zangu. Kaondoka. Jambo baya ni kwamba hakusema uongo.

Julai 22

Tumeondoka. Mama kiti cha mbele, nyuma yangu, mkoba wake mapajani na karanga za kuchemsha ndani yake. Linwood alipomwona anapanda alitazama saa yake tu. Mbele ya watu thelathini angefanya nini?

Charlesetta akagawa fulana tukiwa bado maegesho ya kanisa, kila mtu akaivaa juu ya shati lake, ila Mama aliyesema ni joto. Kifuani: Ukoo wa Tarrant, Miji Mitatu. Mgongoni: Waliotutangulia, chini yake majina manane. Tukaomba, tukaimba, nikawasha basi.

Tulisimama njiani Missouri watu wajisaidie na kununua barafu. Nikiwa nakagua magurudumu nikasikia Mama anasoma kwa sauti mgongo wa binamu mmoja, polepole, kidole juu ya maandishi. "Cornelius. Sadie. Roosevelt. Big Ella. Ozella." Akasimama. "Ozella ni mimi."

Watu wakageuka. Hata watoto.

"Nimekufa lini?"

Charlesetta akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amenakili orodha ya wazee wa ukoo kutoka karatasi ya ratiba ya mkutano wa zamani. Kumbe wote wameshakufa ila mmoja, na yeye hakulifikiria hilo. Akaanza kulia pale pale kando ya pampu za petroli, anasema atanunua utepe mweusi wa gundi, ataubandika juu ya jina hilo kwenye migongo yote, na Mama atapewa fulana mpya.

"Hubandiki kitu," Mama kasema. "Lete yangu."

Akavalishwa. Akanyoosha mabega, akamgeukia Linwood ambaye uso wake ulikuwa umesawijika. "Shemasi, mlinizika vizuri?"

Sijacheka vile tangu mume wangu afe. Nilipanda nikashika usukani wa basi lililosimama, nikacheka mpaka honi ikalia.

Julai 23

St. Louis. Tumelitazama lile tao kubwa la chuma kando ya mto. Vijana wakapanda ndani yake kwa vile vigari vidogo vya kukunja magoti. Mama alikataa, akakaa kivulini na soda. "Hili si langu," kasema.

Watu wa mjini wanasoma migongo yetu wakipita. Mwanamke mmoja alimpa Mama pole ya misiba. Mama akamshukuru, akamwonyesha jina lake mwenyewe. "Huyu aliniuma zaidi," kamwambia.

Jioni hotelini aliniita Sadie, akaniuliza kama mama yetu amelala. Nikamjibu amelala. Linwood alikuwa mlangoni kasikia yote. Hakusema "nilikwambia." Nilikuwa nimeshaandaa jibu na likabaki mdomoni.

Julai 24

Chicago. Kutwa nzima tumetembezwa: ziwa, mashua ya mtoni, lile donge la chuma linalong'aa ambapo kila mtu anajipiga picha amevimba. Soseji kwenye mkate, haradali na pilipili, na mchuuzi aliyemfokea Charlesetta kwa kuomba tomato sosi.

Mama alikuwa macho kuliko sisi. Barabara zimebadilika, anasema, upepo ni uleule. Tulipopita chini ya Halloran hakuinua shingo. Akasema tu, "Kesho asubuhi, kabla watu hawajajaa."

Mawingu yanajikusanya upande wa ziwa. Sijapenda.

Julai 25

Hii itakuwa ndefu.

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mji ulikuwa umevaa kofia. Majengo yote yamekatika katikati, juu hakuna kitu. Ratiba ya Linwood: Halloran saa nne asubuhi, saa nane basi liondoke kwenda Detroit, ambako binamu wameshawasha moto wa nyama.

Msichana wa tiketi alikuwa na adabu. "Mama, juu leo hakuonekani kitu. Kweupe tu. Na tiketi zikikatwa hazirudishwi."

Linwood alivuta pumzi kama mtu aliyesamehewa deni. "Umesikia, dada. Tumejaribu. Twendeni zetu."

"Kata tiketi," nikamwambia.

"Za kutazama ukungu?"

"Kata, Linwood."

Akakata. Nadhani ni kwa sababu Mama alikuwa ameshapita, anaelekea lifti kama anayechelewa zamu.

Lifti sasa inajiendesha, ukuta wake unang'aa. Mama alisimama kando ya vitufe. "Akina mama mbele. Sogeeni nyuma, bado kuna nafasi. Tazameni hatua zenu." Hakuna aliyemkatiza. Nambari zilivyopanda alizitaja moja moja, na sauti yake haikuwa ya bibi wa kochini. Mlango ukafunguka. "Arobaini na moja. Mandhari ya mji. Mnaona kila kitu kutoka hapa."

Watu wakatoka. Mama akabaki.

Nilidhani anatungoja. Mlango ukaanza kujifunga, Linwood akautia mguu. Mama alikuwa amejibana kwenye kona, mkono nyuma.

"Mama, toka."

"Siruhusiwi." Sauti ilikuwa ndogo, ya msichana wa miaka ishirini.

"Nani kasema?"

"Bwana Pruitt. Ukikanyaga nje, hurudi kazini."

Linwood akanitazama. Huu ndio wakati aliouogopa, na mimi nikauogopa pia, nikaona nimemleta mama yangu kuaibishwa mara ya pili. Kisha macho yangu yakaangukia fulana.

"Mama, wewe ni nani hapo mgongoni?"

Akafikiri. "Marehemu."

"Marehemu anaomba ruhusa kwa Pruitt?"

Alianza kucheka taratibu, tumbo kwanza. Akanishika mkono. Akainua mguu juu ya ule mstari wa chuma, akaitazama mwenyewe hatua yake, akatoka.

Kule juu kulikuwa kweupe kama ndani ya maziwa. Vioo pande zote na nyuma ya vioo hakuna mji. Mama akazunguka ukumbi wote, mkono juu ya kioo, akarudi alipoanzia. "Kumbe siku kama hizi hawakuona kitu. Na wakashuka wakaniambia ni pazuri."

"Walikuwa wameshalipa," nikasema.

Akaketi kwenye benchi la upande wa kusini. "Nitangoja."

Tukangoja. Saa moja ikapita, mlinzi akaja: tiketi ni ya saa moja, kundi jingine linaingia. Kundi jingine halikuwapo. Nani mwingine analipia ukungu? Nikamwambia hivyo. Akasema ni utaratibu. Akamwita mkubwa wake, bwana mwenye tai na kidude cha kuongelea.

"Mabibi na mabwana, naomba mshuke."

"Mama yetu anangoja mawingu yafunguke," nikasema.

"Yanaweza yasifunguke leo."

"Basi utatuzoea."

Akamgeukia Linwood, maana Linwood ndiye anayefanana na mwenyekiti. "Bwana, tafadhali ongea na watu wako."

Linwood Tarrant ni shemasi. Hajawahi kuegesha gari vibaya maisha yake yote. Akatazama saa yake. Akamtazama Mama pale benchini, miguu haigusi chini. Kisha akashika magoti ya suruali yake iliyonyooshwa pasi, akaketi sakafuni.

"Nimeongea nao," kasema.

Charlesetta akaketi. Wakaketi wote, thelathini, wametazama kioo na kumpa yule bwana migongo ya zambarau, orodha ya marehemu mistari mitatu. Binamu mmoja akakumbusha kwamba Detroit wanatungoja, nikamwambia basi lina dereva mmoja na dereva kaketi. Yule bwana akaongea na kidude chake muda mrefu. Mwisho akasema kwa kuwa hakuna kundi, sawa, ila kula ni marufuku. Mama alikuwa ameshatoa karanga. Akampa kiganja kimoja, naye akakipokea.

Hapo ndipo nilipomwuliza, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. "Mama, unatafuta nini huko?"

"Nyumba ya Bi Hattie."

Bi Hattie ndiye aliyenilea mchana, Mama akiwa kazini. Mimi simkumbuki. Nakumbuka baraza ya njano tu.

Mama akasimulia akitazama ule weupe. Siku moja mchana watalii walishuka wakisema wameona moto, moto mkubwa kusini, upande wa watu weusi unateketea. Akawauliza ni wapi hasa. Karibu na kanisa lenye minara miwili, walisema. Bi Hattie alikaa nyuma ya kanisa hilo.

"Nikampandisha Bwana Pruitt mwenyewe mpaka juu. Nikamwambia, bwana, mtoto wangu yuko kule, niruhusu nitoke nitazame, hatua tano tu mpaka kwenye kioo. Akasema ukitoka hurudi. Kodi ilikuwa imefika. Nikafunga mlango. Nikapanda na kushuka kwa muda wa saa nne, Doretha. Kila wanaoshuka nawauliza, bado unawaka? Wanasema bado. Mmoja akasema huko juu moto unapendeza."

Linwood alikuwa ameacha kutafuna.

"Kumbe moto ulikuwa mtaa wa pili. Nilikukuta unakula mkate na jemu. Jumamosi yake nikakupeleka kwa Mama Mississippi. Kule kwa Mama, ukiungua yeye atakuwa palepale. Mimi nilikuwa ndani ya sanduku lisilo na dirisha."

Miaka sitini nimemwuliza, miaka sitini ananiambia nilikuwa salama. Na mimi nikasikia "nilikuchoka." Nililia mbele ya ukoo mzima na yule bwana wa tai, wala sikujificha.

Ilikaribia saa tisa mawingu yalipopasuka. Yalianza kwa ziwa, kisha reli, kisha paa moja baada ya jingine, maelfu, mpaka mbali. Watu wakasimama. Mama akaenda kwenye darubini, Linwood akamtilia sarafu, nikamwelekezea kusini. Akatafuta muda mrefu.

"Minara ile pale. Tazama wewe."

Nikatazama. Minara miwili ya kanisa, nyuma yake barabara kubwa na uwanja mtupu wa magari. Nyumba hakuna. Nikasema, "Naiona, Mama. Baraza ya njano."

"Muongo wewe. Ile nyumba waliibomoa kabla Linwood hajazaliwa." Hakukasirika. "Sikuja kuitazama nyumba. Nilitaka kujua kama ilikuwa inaonekana."

"Ilikuwa inaonekana," nikasema. Huo haukuwa uongo.

Akatikisa kichwa, akakubali. "Hatua tano. Ningeona paa. Paa lingenitosha, nisingekupeleka."

Tulisimama pale yeye na mimi, mkono wake ndani ya wangu, mpaka sarafu ikaisha na darubini ikawa nyeusi.

Kwenye lifti ya kushuka alipita vitufe, akaenda kusimama nyuma kabisa kama mtalii. Linwood akangoja, akamtazama. "Bonyeza wewe, mwanangu," Mama kasema. "Zamu yangu imekwisha."

Julai 26

Detroit. Nyama ilikauka, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Agosti 7

Nimehamisha cherehani kutoka chumba cha mbele. Kitanda cha Mama kimeingia, kichwa upande wa dirisha. Leo asubuhi alinijua, mchana hakunijua, jioni alinijua tena na kuniuliza kwa nini nimenenepa.

Agosti 20

Linwood kaja kurekebisha ngazi ili Mama asijikwae. Kavaa suruali ya kazi, sikujua anayo. Hatukuzungumza habari ya nyumba ya wazee. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake.

Agosti 30

Leo kapiga simu. Sauti ya chini, ya mtu anayesoma karatasi. "Dada, wale watu wa nyumba ya wazee wameniita. Nafasi ya Ozella Tarrant imepatikana. Wanataka jibu leo. Niwaambie nini?"

Mama alikuwa kwenye baraza, kavaa ile fulana yake ya zambarau ambayo hataki tuifue, anakula pichi.

"Ozella Tarrant?" nikamjibu. "Waambie huyo ni marehemu. Wakikataa, vaa fulana yako uende ukawape mgongo wasome."

Kisha nikamsikia mdogo wangu anacheka, na nyuma yake Charlesetta anamwuliza kuna nini.